Uzi: Kahawa ileile, kikaango kilekile, mbona harufu na ladha zinapishana?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaokaanga kahawa wenyewe nyumbani, iwe kwa kikaango, oveni, mashine ya bisi au ngoma ya kuzungusha. Mijadala mingi ya kahawa huishia kwenye "ya nchi fulani inanukia maua, ya nchi ile ina ladha ya chokoleti", kana kwamba ladha imefungiwa ndani ya punje tangu shambani na kazi ya moto ni kuifungulia tu mlango. Mimi sikubaliani. Shamba linaweka uwezekano, moto ndio unaoamua ni uwezekano upi utafika kikombeni. Na kwa sisi wa nyumbani, ambao mkaango wa leo haufanani na wa juzi, tofauti nyingi tunazozibandika jina la nchi ni za moto wetu wenyewe.

Tuanze na punje mbichi. Inuse: utapata majani makavu, au njegere mbichi. Harufu ya kahawa haimo kabisa. Ndani mna maji asilimia 10 hadi 12 hivi, sukari, protini, mafuta, kafeini, tindikali kama zile za kwenye limau na tufaa, na kundi kubwa la tindikali za klorojeni. Hiyo ndiyo malighafi, na haigawanywi sawa. Arabika, mojawapo ya aina mbili kuu za kahawa, ina sukari kiasi cha asilimia 6 hadi 9 ya uzito mkavu na kafeini kama asilimia 1.2. Robusta, aina ya pili, sukari yake ni pungufu, kafeini inakaribia mara mbili ya hiyo, na tindikali za klorojeni ni nyingi zaidi. Kwa hiyo hata ukizikaanga kwenye chombo kimoja kwa dakika zilezile, robusta itatoka na uchungu zaidi, utamu kiduchu, na harufu inayoelekea kwenye mbao, udongo na nafaka iliyokaangwa.

Moto ukiwaka, dakika za mwanzo ni za kukausha tu. Kijani kinageuka njano, harufu ya nyasi kavu inapanda, kisha inafuata ya mkate ulio ovenini. Joto la punje likipita nyuzi 140 au 150 hivi, mmenyuko wa Maillard unashika kasi: asidi amino na sukari zinashikana na kuzaa mamia ya harufu mpya pamoja na ile rangi ya kahawia. Jina hilo ni la mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mmenyuko huo mwaka 1912. Sehemu nyingine ya sukari inakwenda kuwa karameli. Kwenye nyuzi 196 hadi 205 unasikia mpasuko wa kwanza, pa! pa!, mvuke na gesi vimeshindwa kutulia ndani. Kuanzia hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea hadi karibu nyuzi 225 unakuja mpasuko wa pili, mwepesi na wa harakaharaka. Kuta za punje zinavunjika na mafuta yanaanza kuchungulia nje.

Kati ya mipasuko hiyo miwili ndipo ugomvi wote ulipo. Ukitoa mapema, uchachu bado ni mkali, na harufu za maua na matunda bado zipo kwa sababu ni nyepesi na hazijafukuzwa. Sogea mbele kidogo, uchachu unashuka, karameli, njugu na chokoleti zinapanda, kahawa inapata uzito mdomoni. Sogea tena, tindikali za klorojeni zinazidi kuvunjika: kwanza zinazaa laktoni zenye uchungu wa kiungwana, baadaye fenilindeni, na huo ndio uchungu unaokwaruza na kung'ang'ania nyuma ya ulimi. Gwayakoli nayo inaleta harufu ya moshi. Kafeini inasingiziwa sana hapa. Yenyewe haibadiliki sana kwenye moto, na mchango wake katika uchungu wote wa kikombe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Nawasilisha. Karibuni tujadili.

#2

Naweka kiti hapa mbele.

Mkuu, swali. Nikisaga kahawa yangu nyumba nzima inanukia, hadi majirani wanajua. Nikionja, ladha imepoa, kama vile harufu yote imebaki kwenye mashine ya kusagia. Tatizo nini?

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2, harufu yako kweli imebaki hewani, kwa maana halisi kabisa. Punje iliyokaangwa ina gesi ya kaboni dioksidi imejaa ndani yake. Ukiisaga, gesi inatoka kwa mpigo na kubeba harufu nyepesi zote. Kinachonukisha nyumba hakipo tena kwenye unga. Saga pale tu maji yako tayari, siyo nusu saa kabla.

Lakini kuna la pili ambalo wengi hawalizingatii. Harufu ya kunusa na harufu ya kunywa zinapita njia mbili. Ukinusa unga, hewa inaingia kwa mbele, puani. Ukimeza, mvuke unapanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani, na joto la mdomo na mate yanaachia harufu kwa mpangilio mwingine. Ulimi wenyewe unatambua uchachu, uchungu, utamu, chumvi na umami (ladha kama ya mchuzi wa nyama) basi. "Ladha ya matunda" unayoisimulia ni pua inayofanya kazi kwa mlango wa nyuma. Ziba pua unywe kahawa yako nzuri kuliko zote, utabaki na maji machungu yenye uchachu.

Ndiyo maana sipendi kuhukumu mkaango kwa kunusa mtungi. Kuna kahawa zinazonukia kupindukia zikiwa kavu na kikombeni hazina neno. Nyingine kavu ni za kawaida tu, zikikutana na maji zinasema.

#4

Mleta uzi umeandika vizuri ila hapo kwenye asili naona umeidhulumu. Kaanga Yirgacheffe ya Ethiopia na Sumatra ya Indonesia iliyobanguliwa ikiwa na unyevu, moto uleule, utoe pamoja. Moja itakupa maua ya yasmini na limau, nyingine udongo, viungo na mwili mzito kama shira. Hapo moto umeamua nini? Na usisahau Geisha. Mti uliotoka Ethiopia, ukapelekwa Amerika ya Kati, ukakaa miaka mingi watu hawaushughulikii. Mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda likaupeleka kwenye mashindano ya Best of Panama, majaji wakabaki midomo wazi kwa harufu yake. Wakaangaji walikuwa walewale, mbegu ndiyo iliyobadilika.

#5 (mleta uzi)

Mkuu #4, hoja nzuri, na kwa mkaango mwepesi, ule unaotolewa mapema, nakuunga mkono. Sijasema asili haina kazi. Nasema ina mpaka wake, na mpaka wenyewe uko kwenye mpasuko wa pili. Chukua hiyohiyo Yirgacheffe na hiyo Sumatra, zipeleke zote zivuke mpasuko wa pili kwa dakika moja hivi, kisha mpe mtu aonje bila kumwambia. Atabahatisha. Uzito mdomoni unaweza kumsaidia kidogo, lakini yasmini hataisikia, imeshaondoka na moshi.

Halafu huo mfano wako wa Sumatra una jambo lingine ndani yake. Sehemu kubwa ya ule udongo na viungo inatokana na namna ilivyochakatwa, kubanguliwa ganda la ndani punje ikiwa bado mbichimbichi, kisha kumaliziwa kukauka ikiwa uchi. Wao wanaita giling basah. Kahawa iliyoanikwa na tunda lake zima, kwa upande mwingine, inabeba harufu ya matunda yaliyoiva sana, wakati mwingine hadi ya divai, maana uchachushaji umefanyika ndani ya tunda. Iliyooshwa, yaani iliyovuliwa tunda kabla ya kukaushwa, inatoka safi, uchachu wake una makali yanayoeleweka. Unaweza kuchuma mti mmoja, ukachakata njia mbili, ukapata kahawa mbili ambazo watu wataapa ni za nchi tofauti. Kwa hiyo mtu akiniambia "asili", huwa namuuliza: mbegu, mwinuko, au uchakataji?

#6

Naomba nichangie kwa upande wa moto, maana hilo la uchakataji lina athari kikaangoni pia na halisemwi. Kahawa iliyoanikwa na tunda ina makapi mengi na inawahi kupata rangi juu. Ukiikaanga kwa kuangalia rangi utaitoa nje ikiwa kahawia na ndani bado ngumu. Unaonja, unapata tunda lililooza juu ya nyasi. Watu wanalaumu muuzaji. Mimi hizo naanza na moto wa chini kidogo.

Na makapi jamani yasichezewe. Yanashika moto upesi sana, hasa ovenini. Fungua madirisha, usiache chombo peke yake.

#7

Kuna kitu kinanisumbua. Kila nikikaanga, baadhi ya punje hazikolei. Wenzake wamekuwa kahawia, zenyewe zimebaki rangi ya maziwa ya chai. Nikiziongezea muda zile nyingine zinaungua. Nazitoa au naziacha?

#8

Zitoe. Zote. Hizo zilitoka kwenye matunda yaliyochumwa mabichi, sukari haikuwahi kujaa. Bila sukari ya kutosha, mmenyuko aliousema mleta uzi hauna cha kula, ndiyo maana rangi haiji hata ufanyeje. Mkiwa na muda fanyeni jaribio hili: tenga punje hizo za pembeni, saga peke yake, onja. Karatasi kavu na karanga mbichi. Chache tu kwenye kikombe zinafuta utamu wa nyingine zote. Kabla ya kukaanga huwezi kuziona kwa urahisi, baada ya kukaanga zinajionyesha zenyewe. Kuzichambua ni dakika mbili, na faida yake kubwa kuliko kununua chombo kipya.

Nyingine ya kujihadhari nayo haionekani kwa macho. Ni ile kahawa ya ukanda wa Maziwa Makuu, Rwanda na Burundi hasa, ambayo mara mojamoja unasaga na harufu ya kiazi kibichi inakupiga usoni. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Inahusishwa na mdudu anayetoboa tunda, na kinachonuka ni kemikali ya jamii ya pirazini. Moto hauiondoi. Ukisaga kipimo cha kikombe kimoja kimoja unapoteza kikombe hicho tu. Ukisaga mtungi mzima, umeupoteza mtungi. Msiache kununua kahawa za huko kwa sababu hiyo, zikiwa safi ni miongoni mwa tamu kabisa.

#9

Mimi ni mgeni kwenye mambo haya, mnivumilie. Kahawa yangu ikitoka inakuwa chachu, lakini siyo uchachu wa limau mnaousimulia. Ni kama kutafuna jani. Nikasoma mahali nipunguze moto na kurefusha muda. Uchachu ukaondoka kweli, ila sasa haina ladha yoyote, kama maji ya mkate. Nishike lipi?

#10 (mleta uzi)

Dada, au kaka, swali lako ni zuri kuliko bandiko langu la kwanza. Hayo ni makosa mawili yaliyo pande mbili za barabara, na umetoka upande mmoja ukaingia wa pili.

Lile la kwanza, jani: ndani ya punje hakujaiva. Nje kulipata joto la haraka, mpasuko wa kwanza ukalia, ukatoa, lakini kiini kilikuwa nyuma. Ng'ata punje moja. Ikigoma kama kokoto, au ukiivunja ukaona ndani ni hafifu kuliko nje, jibu umepata. Uchachu wa kahawa iliyoiva unaambatana na utamu na unapita. Ule wa mbichi unakausha ulimi na hauna utamu nyuma yake.

La pili, mkate: mkaango uliolala. Umekaa mno kwenye moto dhaifu, joto la punje likapanda kwa kujikokota, pengine likasimama kabisa karibu na mpasuko. Rangi inakuja vizuri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, lakini harufu zimeisha njiani na tindikali zimefifia bila kitu kingine kuchukua nafasi. Huwezi kulitambua kwa macho wala kwa kunusa punje, mpaka uonje.

Kwa hiyo usirefushe safari yote. Anza na moto wa kutosha, punje zikaukie na kugeuka njano bila kusuasua. Mpasuko unapokaribia punguza moto, usizime, joto liendelee kupanda ila kwa mwendo mdogo. Baada ya mpasuko kuanza, ipe muda unaofika kati ya asilimia 15 na 25 ya safari nzima. Kama umetumia dakika 10 jumla, hiyo ni dakika moja na nusu hadi mbili na nusu. Kisha poza upesi, ndani ya dakika nne hivi, kwa chujio na feni. Punje zikibaki na moto zinaendelea kujikaanga zenyewe.

Mashine ya bisi inakimbia kuliko ngoma, kwa kuwa hewa ya moto inazunguka kila punje. Mara nyingi kahawa yake inatoka na uchachu mchangamfu na mwili mwepesi. Kikaango kinagusisha punje na chuma, usipokoroga unapata madoa meusi, na madoa hayo yana ladha ya majivu. Chombo nacho kina sauti yake kikombeni.

#11

Hapo kwenye kupoza ongeza na kupumzisha, mkuu. Watu wanakaanga jioni na kunywa jioni hiyohiyo halafu wanakuja kulalamika.

#12 (mleta uzi)

Kweli kabisa. Siku ya kwanza gesi ni nyingi, inasukuma maji yasipenye vizuri kwenye unga. Kikombe kinatoka na ukali fulani na ladha zilizochanganyikana, huwezi kutofautisha kitu. Mkaango mweusi, ambao punje zake zina vinyweleo vilivyopanuka, unatulia ndani ya siku chache. Mwepesi unaweza kudai wiki moja, hata mbili. Ila mweusi huohuo unawahi kuchakaa, maana mafuta yako nje yanakutana na hewa. Ukifungua mtungi ukapata harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa, imeshapita.

Kwa sababu hiyo ukilinganisha mikaango miwili, linganisha ikiwa na umri mmoja. Ya leo dhidi ya ya wiki iliyopita si mashindano ya haki.

#13

Sasa mtu anayetaka kujifunza kutofautisha kweli afanyeje? Nina aina kadhaa ndani, nimezionja zote, zote "nzuri". Ulimi wangu hausemi zaidi ya hapo.

#14 (mleta uzi)

Ziweke pembeni hizo aina zako. Chukua moja tu, iliyooshwa, ikaange mara tatu: ya kwanza itoe mpasuko wa kwanza ukiwa unaelekea kuisha, ya pili itoe katikati ya mipasuko, ya tatu mpasuko wa pili ukishaanza. Aina nyingi kwa mkaango mmoja mmoja zitakuchanganya. Aina moja kwa mikaango mitatu itakufundisha ni kipi cha moto na kipi cha punje. Kinachoonekana kwenye vikombe vyote vitatu ni cha punje.

Pima uzito kabla na baada. Gramu 100 zikitoka gramu 88, umepoteza asilimia 12, huo ni mwepesi. Gramu 85 ni wa kati. Zikishuka hadi 82 au 80 uko kwenye weusi. Namba hiyo haidanganywi na taa ya jikoni jinsi rangi inavyodanganywa.

Kuonja fanya kama waonjaji: gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji, au ukikosa mizani ya kina hivyo, 11 kwa 200. Maji ya nyuzi 93 hivi, mimina moja kwa moja juu ya unga, subiri dakika nne, vunja ule utando wa juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu. Toa povu, subiri ipoe kidogo, kisha ivute kwa kijiko kwa kelele. Kelele zina kazi yake, zinatawanya kahawa mdomoni na kurusha harufu nyuma ya koo.

Na rudi kwenye vikombe vikiwa vuguvugu. Watu wengi wanaonja moto, wanatoa hukumu, wanaondoka. Joto kali linafunika. Kikombe kikishuka kufikia joto la mwili, uchachu na utamu vinajitokeza, na kasoro pia: jani, mkate, majivu, vyote vinajianika. Kahawa inayozidi kuwa tamu ikipoa, huyo umempata.

Neno "tamu" nalitumia kwa tahadhari. Kufikia mkaango wa kati sukari ya asili karibu yote imeshavunjika, kwa hiyo utamu unaouhisi kwa sehemu kubwa ni harufu za karameli na matunda zinazoukumbusha ubongo sukari. Hilo halipunguzi raha yake.

#15

Mimi nakaanga kwa macho na masikio, mizani sina na sitaki. Bibi zetu walikaanga bila namba na kahawa ilikuwa kahawa.

#16

Mkuu #15, macho na masikio yanatosha kukaanga. Kurudia mkaango uliokunogea wiki iliyopita ndiyo kazi ya mizani.

Niongeze la maji na kusaga, maana mleta uzi kalipitia mbali. Maji yenye baikaboneti nyingi yanazima uchachu, unaweza kutupa mkaango mwepesi mzuri ukidhani umelala kumbe ni maji. Jaribu maji mengine kabla ya kulaani moto. Na punje za mkaango mwepesi ni ngumu, zinataka kusagwa laini zaidi kidogo. Ukiziacha kwenye kipimo cha kahawa nyeusi, maji yatapita juujuu na utaonja uchachu mtupu.

#17

La mwisho kutoka kwangu: kahawa isiyo na kafeini nayo inakaangika nyumbani? Nimeipata mbichi, rangi yake tayari ni kahawia, sielewi nitajuaje imefika.

#18 (mleta uzi)

Inakaangika, ila sahau rangi. Hatua ya kutoa kafeini inaipa ukahawia kabla haijaona moto, kwa hiyo itaonekana imeiva ikiwa mbichi. Mpasuko wake pia mara nyingi ni wa chinichini, feni ikivuma huusikii. Fuata harufu, mkate ukigeuka karameli ujue umekaribia, na hapo mizani ya mkuu #16 ndiyo itakayokuokoa. Toa kwenye asilimia 14 ya upungufu kwa mara ya kwanza, onja baada ya siku tatu au nne, kisha usogeze juu au chini. Mafuta yake yanawahi kutoka nje, ikaange kidogokidogo.